Fundi Lifti na Sura ya Mikono

Tuanze na mikono yake, maana ndiyo iliyoleta balaa lote. Fundi Lifti alikuwa hawezi kukaa karibu na kitu kizima bila kukifungua. Ukimkaribisha chai, ukigeuka tu kufuata sukari, ukirudi unakuta kifuniko cha birika kimeshatolewa skrubu na yeye anakueleza, bila hata aibu, kwamba kishikio kilikuwa kinalegea. Kazini walimpenda kwa hilo. Alikuwa akitunza lifti za jengo refu la ofisi, na lifti inataka mtu wa wasiwasi, mtu anayesikia mlio mdogo kwenye waya akakosa raha mpaka aujue umetoka wapi. Shida ni kwamba wasiwasi huo huo alirudi nao nyumbani kila jioni, na nyumbani hapakuwa na lifti.

Shemeji yake, dada mkubwa wa mke wake, mwanamke asiye na breki za ulimi, alimpima siku ile ile ya kwanza alipoletwa kutambulishwa. "Huyu," alisema mbele ya watu wote, "hata mkimpa jiwe atauliza skrubu zake ziko wapi." Watu wakavunjika mbavu. Fundi naye alicheka, huku mkono wake umeshafika chini ya kiti anapapasa mguu uliokuwa ukicheza.

Mke wake alikuwa kinyume chake kabisa. Aliwahi kufundisha shule ya msingi, akaacha, akawa msomaji wa maktaba ya wasioona. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi, basi. Hakuwa na mbwembwe. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, imetulia, inakwenda kwa mwendo wa mtu anayejua atafika. Alisomea ndani ya kabati kubwa la nguo chumbani kwao, kati ya makoti na mablanketi, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Ukipita nje ya kabati ulimsikia kwa mbali kama mtu anayezungumza na nguo zake.

Wakati huo alikuwa amezama katika kitabu kinene cha mwili wa binadamu, kwa ajili ya wanafunzi wasioona wa chuo cha kukanda viungo. Nyumba nzima ilikuwa imeshaijua mifupa. Fundi akijigonga kwenye kona ya meza hakulia tena "aa, mguu wangu", alilia "aa, muundi wangu!" Maktaba nayo ilikuwa na utaratibu wake usiopindishwa: kitabu kimoja, sauti moja. Msikilizaji asiyeona humzoea msomaji wake kama mtu anavyoizoea njia ya kwao, na ukimbadilishia katikati anapotea. Ikikosekana hata sura moja, kitabu kizima kinawekwa kando na kusomwa upya na mtu mwingine.

Rekodi zilikuwa kubwa na laptopu ya mama, kama Fundi alivyomwita mke wake, ilikuwa ndogo, kwa hiyo Fundi alikuwa ametengeneza seva ya nyumbani. Alichukua kompyuta kubwa ya zamani iliyotupwa na ofisi moja, akaijaza diski, akaiweka kwenye kabati la mifagio ukumbini. Kila kompyuta ya nyumba akaipa folda ya pamoja. Ukiifungua folda ile unaona mafaili yako kana kwamba yapo hapo hapo kwenye mashine yako, kumbe yamekaa kule kati ya fagio na ndoo, yanakujia kwa mtandao wa nyumba. Kwenye laptopu ya mke wake folda hiyo iliitwa KAZI, na yeye hakutaka kujua zaidi ya hapo. Alihifadhi kwenye KAZI, alikuta kwenye KAZI, akamshukuru mumewe, akaendelea na mifupa yake.

Ilifanya kazi vizuri. Mtu mwingine angeshukuru akakaa kitako, lakini mtu mwingine si Fundi Lifti. Siku moja akasikia kwamba mafundi wenzake hawaiachii tena seva ya mafaili kumiliki kompyuta nzima peke yake. Siku hizi, walimwambia, unatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli kama mpangaji ndani ya nyumba. Seva yako inakuwa mpangaji mmoja, na vyumba vingine unapangisha mambo mengine. Fundi alikosa usingizi kwa raha. Jumamosi iliyofuata mke wake alimkuta amepiga magoti ukumbini, mifagio imetupwa huku na huku, kabati liko wazi.

"Imeharibika?" mama akauliza.

"Haijaharibika."

"Sasa unaifungulia nini?"

"Iwe bora zaidi. Nimeigeuza mpangaji. Wewe huoni tofauti yoyote, KAZI yako iko pale pale."

Mama aliiruka mifagio akamsogelea. "Baba watoto, nimebakiza sura chache. Hebu niahidi. Usiiguse tena mpaka nimalize kitabu."

Fundi aliahidi, tena kwa kiapo. Na kwa kweli hakugusa tena, isipokuwa kitu kimoja kidogo tu. Aliona kwamba umeme ukikatika ukarudi, mpangaji anaamka kabla diski hazijakaa sawa, akaogopa ataziumiza. Akamwekea amri ya kusubiri kwanza, alale kidogo, ndipo aamke. Hiyo si kugusa, alijiambia, hiyo ni kurekebisha. Watu wa aina yake wana maneno mengi ya kutofautisha mambo hayo mawili.

Kisha sauti ya mama ikaanza kukwaruza. Mwanzoni walidhani ni mafua, wakachemsha maji, wakamfunika shingo. Haikupona. Daktari akaingiza kamera kooni, akaona kivimbe kwenye nyuzi za sauti, akasema kinatakiwa kutolewa, tena mapema. Na sauti? Daktari hakuzunguka. Itarudi, alisema, lakini huenda isiwe hii.

Mama alitikisa kichwa, akauliza jambo moja tu: ana muda gani. Akapewa tarehe. Tangu hapo akawa anasoma kwa kujibana, anapumzika, anakunywa maji, anasoma tena, akiitumia sauti yake kidogo kidogo ili imfikishe mwisho. Nje ya kabati Fundi alihaha. Alipanda ukumbi na kushuka ukumbi, bisibisi mfukoni, akitafuta kitu cha kukaza. Alikaza bawaba zote za nyumba. Bawaba zilipokwisha akaanza kulegeza ili apate za kukaza.

Sura ya mwisho ilikuwa ya mikono. Asubuhi aliyoisoma, siku moja kabla ya kulazwa, umeme ulikuwa umekatika alfajiri na kurudi. Mama alijifungia kabatini mara tu uliporudi, akawasha laptopu, akasoma mfululizo bila kutoka. Alipotoka alikuwa na makoti mawili yamemng'ang'ania mabegani na uso wa mtu aliyetua mzigo. "Nimemaliza," alisema. "Sura ya mikono iko kwenye KAZI. Mkuu wa maktaba akipiga, mpelekee." Hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho kwa sauti ile, na Fundi aliyajibu akiwa ameinama anaangalia kitasa cha kabati.

Mkuu wa maktaba, mzee asiyeona na asiyependa maneno mengi, alipiga simu wakati mama ameshafanyiwa upasuaji na bado amelala. "Pole na hongera," alisema. "Naisubiri ya mikono."

"Sasa hivi, mzee," Fundi akajibu. Akafungua laptopu ya mke wake, akafungua KAZI. Sura zote zilikuwa zimejipanga: kichwa, shingo, mgongo, nyonga, mguu, bega. Ya mikono haikuwepo.

Akaangalia tena. Akafunga, akafungua. Akahamia kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaingia kwenye seva moja kwa moja, akapekua folda moja baada ya nyingine, akapekua kwenye takataka, akapekua nakala za akiba na nakala za nakala, maana mtu wa wasiwasi huweka nakala nyingi. Hakuna. Ndipo wazo likamshukia, likakaa kifuani: ni yule mpangaji. Ni ile mashine pepe iliyoletwa nyumbani bila mtu kuiomba. Imeimeza sauti ya mke wangu.

Kuanzia hapo mikono ilichukua madaraka. Alizima seva, akaichomoa kabatini, akatoa diski moja moja akazipanga juu ya meza ya kulia. Akazirudisha, akawasha, akaendesha programu za kufufua mafaili, akapata picha za zamani na nusu ya risala ya harusi ya mtu asiyemjua, akazima tena. Shemeji mtu, aliyehamia pale kupika na kupeleka uji hospitalini, alikosa hata pa kuweka sahani.

"Shemeji, leo tunakula diski?"

"Natafuta kitu."

"Nakuona. Ukikipata, tafuta na meza, nayo imepotea." Kisha akamtazama vizuri, utani ukamtoka usoni. "Ni cha mdogo wangu?"

Fundi akamwambia. Shemeji mtu akapangusa mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. "Basi usimwambie akiwa kitandani," alisema hatimaye. "Ila na wewe acha kupekuapekua. Unavyokwenda hivyo, hata kama kipo utakiponda."

Hakuacha. Kuacha angeacha vipi? Hospitalini mke wake alikuwa amekatazwa kusema. Alimwona Fundi anaingia, akagusa sikio lake, akainua nyusi: imefika? Fundi akasema inaendelea vizuri, jibu lile lile analowapa wapangaji wa ofisi lifti ikiwa imekwama katikati ya ghorofa. Mama alimtazama kwa jicho la pembe. Kisha akaitazama mikono yake, iliyokuwa imeshaanza kukichunguza kirungu cha kitanda, akafumba macho.

Siku daktari aliporuhusu neno la kwanza, walikuwepo wote wawili, yeye na shemeji. Mama alimeza mate, akafungua mdomo, akasema, "Maji." Ilitoka sauti ya msasa juu ya mbao. Shemeji mtu akageukia dirishani haraka. Daktari akaeleza kwamba itapata nguvu, itanyooka kidogo, ila ile ya zamani ndiyo hivyo tena. Mama akatikisa kichwa, akanywa maji yake. Fundi alitoka nje kwenye korido, akaingia kwenye lifti ya hospitali, akapanda nayo mpaka juu na kushuka nayo mpaka chini akisikiliza waya zake, na hakusikia chochote. Aliogopa. Kugombezwa angekuvumilia. Kilichomtisha ni kwamba sauti aliyoizoea miaka yote nyuma ya mlango wa kabati imesikika mara ya mwisho duniani kwenye sura moja, na yeye ndiye aliyeipoteza kwa mikono yake. Na kitabu kizima kitaifuata.

Mama aliporudi nyumbani mchana, kitu cha kwanza alichoona ni meza ya kulia. Diski, nyaya, vifuniko, skrubu ndani ya vikombe vya chai. Seva yenyewe ilikuwa sakafuni inaunguruma, tumbo wazi. Alivuta kiti, akakaa, akamwangalia mumewe, akangoja.

Fundi alisema yote. Aliyasema akiwa amesimama, akizungushazungusha bisibisi, kuanzia mpangaji mpaka zile programu za kufufua. "Sura ya mikono haipo," alimaliza. "Nimetafuta kila mahali. Nimeiua mimi."

Mama alishika tama. Machozi yalimjaa lakini hayakudondoka. Alipofungua mdomo, sauti ile mpya ilitoka polepole.

"Zima."

"Subiri kidogo tu, kuna programu moja sijaijaribu, inasemekana..."

"Zima," alirudia. "Kisha kaa."

Akazima. Feni ya seva ikapungua, ikanyamaza, na nyumba ikawa kimya kama ambavyo haikuwahi kuwa tangu kompyuta ile iingie kwenye kabati la mifagio. Akakaa. Mama alimnyang'anya bisibisi, akaiweka mbali. Kisha akachukua kitabu chake kinene, akakifungua kwenye sura ya mikono, akaelekea chumbani. Fundi aliuelewa mpango wake, ukamchoma moyo. Alikuwa anakwenda kuisoma tena kwa msasa ule. Maktaba isingeikubali na mama alijua, lakini hakuwa mtu wa kuacha kitu bila kukifikisha.

Akasikia mlango wa kabati ukifungwa. Akasikia laptopu ikiwashwa. Halafu kimya. Halafu mtu akagonga kutoka ndani ya kabati.

Fundi hakuinuka. Ameambiwa akae, amekaa, mikono ameibana kati ya magoti. Kukagongwa tena, kwa nguvu.

"Shemeji!" ikatoka sauti jikoni. "Hata kukaa nako unazidisha! Hebu nenda!"

Akaenda mbio. Mama alikuwa amekaa kati ya makoti, mwanga wa kioo usoni, kidole kimeelekezwa. Folda ya KAZI ilikuwa wazi. Kichwa hakikuwepo, wala shingo, wala mgongo. Sura zote zilizojipanga zilikuwa zimeondoka, na mahali pake palikuwa na faili moja tu, peke yake: Mikono.

Fundi alipigwa na butwaa. Seva imezimwa, hii KAZI inatoka wapi? Kisha akajipiga paji la uso mpaka kabati likatikisika. KAZI haikuwa ghala. KAZI ilikuwa mlango tu. Seva ikiwa macho, ukifungua mlango ule unaingia ghalani. Seva ikiwa imelala, nyuma ya mlango ule ule kuna kijichumba kitupu cha laptopu yenyewe, na laptopu haikuambii umeingia wapi. Asubuhi ile, umeme uliporudi, mpangaji alikuwa bado amelala, kwa amri ya nani? Ya Fundi. Mama akaanza kusoma, na kwa kuwa rekodi huandikwa pale ilipoanzia, sura ikatua kijichumbani. Baadaye mpangaji akaamka, ghala likafunguka mbele ya kijichumba, likakifunika. Sura haikuguswa na mtu. Ilikuwa mle ndani ya laptopu siku zote, na kila Fundi alipoitafuta kwenye laptopu ile aliitafuta seva ikiwa inawaka, na seva ikiwaka ndiyo iliyoifunika. Dawa ilikuwa kuzima na kukaa, dawa pekee ambayo yeye asingeijaribu hata baada ya mwaka.

Alitaka kumweleza mkewe yote hayo papo hapo. Mama akaweka kidole mdomoni, akabonyeza faili.

Sauti ikajaa kabatini. Ile ile, nzito kidogo, imetulia, na mkwaruzo mdogo pembeni. Shemeji mtu akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Misuli mingi inayoendesha vidole," sauti ilisema, "haikai kwenye vidole. Inakaa kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja. Kwa hiyo ukitaka kutuliza mkono wa mgonjwa, usianze na vidole. Shika kigasha. Usisugue. Shika tu, na ungoje." Pakawa na kimya kidogo, na katika kimya kile, kwa mbali, kikasikika kitu kinakwaruza chuma. Krr, krr. Sauti ikavuta pumzi. "Wanafunzi wangu, mniwie radhi. Huyo mnayemsikia ni mume wangu, yuko nje ya mlango anakaza bawaba. Ana hofu. Kesho nakwenda kukatwa koo naye hajui pa kuiweka mikono yake. Nikitoka salama nitaifanyia mazoezi sura hii kwake. Tuendelee."

Shemeji mtu alianza kucheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akajifuta kwa mwiko bila kujua. Fundi alikuwa analia waziwazi, mtu mzima kati ya makoti. Sauti iliendelea mpaka mwisho wa kitabu, ikataja jina la maktaba, ikanyamaza.

"Nitaipeleka sasa hivi," Fundi alisema, akijipangusa. "Ila pale kwenye bawaba nakata. Ni kitabu cha chuo, hawawezi kuweka mambo yangu mle. Dakika moja tu, nakata tu pale." Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kipanya.

Mama akamshika kigasha. Hakusugua. Alishika tu, akangoja, mpaka vidole vya mumewe vilipoacha kucheza, kimoja kimoja, cha mwisho kidole gumba.

"Usiguse," alisema kwa sauti yake mpya.